Kidonge na Kijiko

Waldkirchen, 17 Agosti 1998

Mjukuu wangu Silke,

Juzi ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tukapeleka mafungu yetu ya mimea kanisani yabarikiwe. Langu lilikuwa na aina tisa, kama la mama yangu kule Lichtenschlag. Jirani yangu Zenzi alikuja na aina kumi na nne, amelibeba fungu lake begani kama bunduki. Nikamwuliza, "Zenzi, hilo ni la kubarikiwa au la kulisha ng'ombe?" Akanijibu mbele ya padri, "Mkimbizi we, miaka hamsini na miwili unakula viazi vyetu, na bado unatuhesabia majani!" Padri alicheka kuliko sisi.

Ndivyo ilivyo. Nimezeeka hapa, nimemzika mume na binti hapa, lakini mtu akitaka kunitania ananirudisha kwenye lile behewa la mwaka 1946 lililotuleta tulipofukuzwa kwetu ng'ambo ya mpaka. Kutoka dirisha la juu, siku ya anga safi, naona kilima ambacho nyuma yake kilikuwa kijiji chetu. Nasema kilikuwa. Nilipokwenda baada ya mpaka kufunguliwa nilikuta upupu na miti mitatu ya plamu. Tuliruhusiwa kilo hamsini kila mtu, na mama alipoteza muda mrefu akichagua vyombo. Kitu pekee kilichobaki hadi leo ni kile ambacho hakikupimwa kwenye mizani: jinsi ya kuchuma, siku ya kuchuma, na wiki ngapi kuloweka.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na kurasa mbili, na neno "nimechoka" limo mara nne. Usikasirike, nililihesabu. Ile nimonia iliyokupata baada ya kumzaa Malte ina miaka miwili sasa, ingekuwa imekuacha. Kwa hiyo nakutumia chupa hii ya kahawia. Ni matone ya usingizi, mimea ya bustani tu kwenye pombe kali, na kisibiti ili yasikuchukize. Kijiko kimoja cha chai asubuhi, kimoja jioni, kila siku bila kuruka. Usiniulize kila kilichomo. Hata mpishi mwema ana vitu viwili vitatu hasemi.

Na usinipigie simu kuniambia imefika. Masikio yangu sasa yanasikia "ndiyo" pale mtu aliposema "hapana". Andika.

Nyanya yako,
Ottilie


Marne, 5 Septemba 1998

Bibi mpenzi,

Chupa imefika nzima, umeifunga kwa soksi tatu na gazeti zima la jimbo. Holger aliinusa akasema, "Hii ni ya kunywa au ya kuwashia jiko?" Nikamwambia ni ya kunywa, na kwamba yeye hagusi. Malte anaiita maji ya bibi kizee. Samahani, sikumfundisha mimi, ni baba yake.

Msimu wa kabichi umeanza. Holger anatoka nyumbani alfajiri kwenda ghalani na kurudi ananuka kabichi hadi kwenye nyusi. Mimi bado niko chekechea, nusu siku tu. Nimechoka kidogo (hilo moja, lihesabu), lakini si kama zamani. Daktari alisema mapafu huchukua muda kupona.

Nimeutii utaratibu wako. Cha asubuhi nakunywa na kahawa. Cha jioni nakunywa kengele ya kanisa inapolia saa kumi na mbili, pamoja na kidonge changu cha vitamini, maana hicho nacho kina saa yake. Kengele ikilia popote nilipo najua la kufanya. Wiki iliyopita nilikuwa dukani, nikameza kidonge katikati ya foleni bila maji, mwenye duka akaniuliza, "Mama, ni sumu au ni peremende?" Nikamwambia, "Ikiwa sumu, utanipunguzia bei?" Kwa hiyo usiseme kwamba sicheki.

Na kweli, nalala vizuri zaidi. Asubuhi kuna ile nusu saa ambayo zamani nilikuwa nakaa kitandani nikitazama ukuta, imefupika. Sijui umeweka nini humo, lakini asante.

Mjukuu wako,
Silke


Waldkirchen, 4 Oktoba 1998

Silke mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na ya tatu nilimsomea Zenzi, akapiga paja lake kwa ile habari ya sumu na peremende. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiongea ulipokuwa na miaka kumi, kabla mama yako hajaondoka. Nimefurahi hata nathubutu kusema jambo lisilonihusu.

Malte ana miaka miwili na nusu. Mimi nilipata mtoto mmoja tu, Traudl, kwa sababu baada ya vita hatukuwa na pa kumlaza wa pili. Na mama yako akakupata wewe peke yako. Mtoto wa pekee hulazimika kubeba mazishi yote peke yake, wewe wajua. Sisemi zaidi. Ila zile sweta na kofia nilizomfumia Malte uchangani, usizigawe. Zifunge na lavenda uziweke. Zitahitajika.

Huku ukungu umeanza kushuka asubuhi. Endelea na kijiko.

Nyanya yako,
Ottilie


Marne, 1 Novemba 1998

Bibi,

Sweta zimo sandukuni na lavenda yako. Nimekutii. Holger aliniona nikizikunja akasimama mlangoni muda mrefu, kisha akaenda zake.

Lakini nakuomba, usiniandikie tena kuhusu mtoto wa pili. Siwezi kukueleza. Liache tu.

Chupa imekwisha. Ungenitumia nyingine? Siku hizi usingizi umenikimbia tena, lakini si kichwa safari hii, ni kifua. Nalala nimeegemea mito mitatu kama malkia. Jioni viatu vinanibana. Itakuwa hali ya hewa.

Silke


Waldkirchen, 5 Novemba 1998

Mwanangu,

Chupa ya pili hii hapa. Nimetia wiki moja zaidi ya kuloweka, itakuwa na nguvu kuliko ya kwanza. Lile jambo sitalitaja tena. Nisamehe, mzee hugonga mlango uliofungwa kwa sababu anakumbuka ulikuwa wazi.

Ottilie


Marne, Jumapili, 6 Desemba 1998

Bibi mpenzi,

Leo ni siku ya Mtakatifu Nikolasi, Malte amekuta chokoleti kwenye kiatu chake na amejipaka hadi masikioni. Yuko kwa mama yake Holger sasa. Nimekaa jikoni peke yangu, na nimeamua kukuambia ukweli, wote mara moja, kwa sababu nikianza kuugawa sitaumaliza.

Haikuwa nimonia. Malte alipozaliwa moyo wangu ulipanuka na kulegea. Huwatokea wanawake wachache, mimba inapokwisha, na hakuna ajuaye sababu. Wiki sita nzima waliniambia nimechoka kama mzazi yeyote. Walipogundua, moyo ulikuwa unasukuma theluthi moja tu ya unavyopaswa. Ulipata nafuu, haukupona. Daktari wa moyo aliniambia mbele ya Holger, "Mtoto mmoja umepata. Wa pili atakuua." Mimba huongeza damu mwilini karibu kwa nusu, nayo damu hiyo yote lazima isukumwe. Moyo wangu hauna nguvu ya ziada.

Nilikuficha kwa sababu ulikwisha mzika mama. Nilijua kuanzia siku hiyo ungekuwa unahesabu pumzi zangu badala ya maneno yangu.

Na ile vitamini si vitamini. Ni kidonge cha kuzuia mimba. Najua kanisa lasema nini, najua na wewe wasema nini, kwa hiyo nilikiita jina jingine. Vidonge vya wanawake wengi vina homoni mbili. Moja kati ya hizo hurahisisha damu kuganda, na moyo mvivu kama wangu haupaswi kuwekewa damu inayoganda. Nikapewa chenye homoni moja. Hicho huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito hadi mbegu za mwanamume zikwame, na ngozi ya ndani ya mji wa mimba hubaki nyembamba. Kwa baadhi ya wanawake hata yai halitoki. Lakini nguvu yake ni ya siku moja. Ukichelewa kwa saa tatu, ute unaanza kulegea. Daktari alinieleza: wakikimeza wanawake mia mwaka mzima bila kukosea, labda mmoja atashika mimba. Wakikimeza kwa kusahausahau, wanane, tisa. Ndiyo maana ya kengele, Bibi. Kwa miaka miwili sijaruka hata siku moja. Kila karatasi ya vidonge ikiisha naandika nyuma tarehe ya kuanza na ya kumaliza, naiweka kwenye kopo la biskuti la bluu. Niliogopa sana hata sikuweza kusahau.

Nina mimba ya wiki kumi na nne.

Sikujua mapema kwa sababu kidonge hiki huvuruga siku za mwezi. Nimewahi kukaa miezi mitatu bila kitu. Alhamisi iliyopita nilienda kwa sababu ya pumzi na miguu kuvimba. Daktari alinipima, akaniuliza nimesahau mara ngapi. Nikasema sijasahau. Akatabasamu kwa huruma, "Wote husema hivyo, mama."

Lakini huyo si kitu. Holger alinikalisha hapa nilipokaa sasa.

"Silke, niambie tu. Uliacha lini?"

"Sijaacha."

"Kila siku?"

"Kila siku, kengele ikilia."

"Basi kengele ndiyo iliyokutia mimba."

Kisha akalileta lile sanduku la sweta, akaliweka mezani. Analala sebuleni.

Alhamisi, tarehe kumi, naingia hospitali kubwa, watanitoa mimba. Wanasema kila siku ninayongoja moyo unazidi kujaa. Wanasema hata hivyo si jambo dogo kwa moyo huu, dawa ya usingizi yenyewe ni hatari. Sikuombi ruhusa, Bibi. Ningetaka ingekuwa vinginevyo, na huyu aliyemo nimekwisha mwomba msamaha. Ninachoomba kwako ni kitu kimoja: uniamini kwamba sikusahau na sikutaka. Awepo mtu mmoja. Barua yako ikifika kabla ya Alhamisi nitakwenda nayo.

Wako,
Silke

Kijiko bado nakunywa. Kinanisaidia nisilie mbele ya Malte.


Marne, 29 Desemba 1998

Bibi Ottilie,

Ulikuja mazishini, ukakaa safu ya pili, nami sikukusalimu. Wameliona wote, kwa hiyo naandika.

Silke walimfanyia Alhamisi jioni. Ijumaa alikuwa akiongea, aliomba juisi ya tofaa. Jumamosi, tarehe kumi na mbili, asubuhi, moyo ulisimama, na walijaribu kuurudisha dakika arobaini. Haya unayajua.

Barua yako ilifika Ijumaa hiyo saa nne asubuhi. Sikumpelekea. Nilidhani imejaa dhambi na moto, nikasema mgonjwa hahitaji mahubiri. Nairudisha humu kama ilivyokuja, sijaifungua.

Utataka kujua nina hasira na nani. Nafanya kazi ya kuhesabu makreti, Bibi, hesabu naielewa. Mmoja kwa mia. Kwa nini huyo mmoja awe mke wangu, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa anakunja sweta za kichanga na kuzitia lavenda? Alitaka mtoto mwingine. Labda aliacha vidonge siku mbili tatu, akamwachia Mungu. Alijua hatari na akaicheza, na aliyeshindwa kamari hiyo ni Malte. Mtoto atakapokua na kuuliza, sitamdanganya. Nitamwambia mama yake alichagua.

Usiniandikie.

Holger


Waldkirchen, 2 Machi 2000

Holger,

Uliniambia nisikuandikie, nami nimetii miezi kumi na minne. Leo sitatii. Soma hadi mwisho, kisha fanya utakavyo.

Jumatatu nilikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vyangu vya shinikizo la damu. Binti anayehudumu ni mpya, ana madoadoa puani, ananisemesha kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yangu.

"Bibi Pangerl, kuna mimea yoyote unayokunywa pamoja na hivi?"

"Mimea yangu ni ya Mungu, binti."

"Iwe ya Mungu au ya shangazi, natakiwa niulize sasa. Tumeletewa tangazo. Mmea wa Mtakatifu Yohane, unaujua? Maua ya manjano."

Nikamwambia nimeuchuma tangu nina miaka mitano. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayesoma: mmea huo huliamsha ini. Ini likiamka huvunjavunja dawa nyingine upesi kuliko kawaida, zikatoka mwilini kabla hazijamaliza kazi. Dawa za moyo uliopandikizwa. Za kuzuia damu kuganda. Akataja nyingi. Na homoni.

"Homoni zipi?"

"Vidonge vya uzazi. Hivyo hasa. Wanawake wanameza kila siku na bado wanashika mimba." Akacheka. "Mbona umeshtuka, Bibi, unatarajia?"

Kisha akauona uso wangu, akatoka nyuma ya kaunta na kiti.

Holger, yale matone ya usingizi hayakuwa ya usingizi. Yalikuwa mmea wa Mtakatifu Yohane, uliochumwa tarehe 24 Juni umande ukiwa bado juu, ukalowekwa kwenye pombe hadi Kupalizwa, ukabarikiwa. Ni dawa ya huzuni. Ukiponda maua yake vidole huwa vyekundu, na maji yake huwa mekundu kama divai, ndiyo maana nilitumia chupa ya kahawia. Nilitia kisibiti kingi kuficha ladha. Nilificha kwa sababu Silke angeutambua. Mama yake, binti yangu Traudl, alikunywa kutoka chupa nyekundu mezani kwangu majira mawili ya baridi, kabla hajajitosa mto Ilz. Silke alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyekuwa akimpimia mama kijiko. Ningewezaje kumwandikia: nakuona unafanana naye, kunywa alichokunywa yeye? Nikasema ni ya usingizi.

Yeye alinificha kidonge kwa kukiita vitamini. Mimi nilimficha mmea kwa kuuita usingizi. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake. Na kila jioni, kengele ikilia, alivimeza vyote viwili pamoja.

Nimejaribu kuwa mkweli katika hili, kwa hiyo nitakuambia na hili. Yule binti hakusema kwamba ndiyo sababu bila shaka yoyote. Mwaka 1998 hakuna daktari wala mfamasia aliyekuwa akiuliza juu ya mimea ya vikongwe. Na hata bila mmea, mmoja kati ya mia hushika mimba. Huenda Silke alikuwa huyo mmoja. Lakini siwezi kujificha nyuma ya huyo mmoja. Chupa ya pili niliiongezea nguvu, ingawa hiyo ilikuta mimba tayari. Ya kwanza ndiyo iliyofanya kazi.

Sweta je? Alizihifadhi kwa sababu mimi nilimwamuru. Tazama karatasi ya pili humu, ni nakala ya barua yangu ya Oktoba. Huwa naandika rasimu kwanza. Alikuwa akinitii mimi, nawe ulisimama mlangoni.

Ile barua uliyonirudishia ninayo, imefungwa bado. Sikuweza kuifungua wala kuichoma. Nakutumia. Muhuri wa posta ni wa tarehe 8 Desemba 1998, wakati ambapo hakuna kati yetu aliyejua lolote. Ifungue kwa kisu chako mwenyewe, ili usije ukadhani kikongwe ametunga hadithi ya kumsafisha mjukuu wake.

Sikuombi unisamehe. Naomba usimwambie Malte kwamba mama yake alisahau, wala kwamba alichagua. Ukihitaji kumpa jina la aliyekosea, lipo hapa chini.

Ottilie Pangerl


Waldkirchen, 8 Desemba 1998

Silke wangu,

Barua yako imefika leo saa tatu asubuhi. Zenzi amesimama mlangoni na koti lake, atakimbilia posta nikimaliza, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Nakuamini. Nimeandika neno hilo kwanza ili ulisome kwanza. Nakuamini kwamba hukusahau hata siku moja, maana nimekulea, na wewe ndiye mtoto uliyekuwa ukiamka kuangalia kama umefunga banda la kuku. Kwa nini imetokea sijui. Atakayesema anajua, mwache aseme.

Nenda Alhamisi. Ulidhani nitakuletea padri? Nina miaka sabini na minne, nimemwona Mungu akinyamaza mara nyingi kiasi kwamba sidhani atachagua siku hii kupiga kelele. Nenda, na urudi. Mtoto uliye naye anahitaji mama kuliko mbingu inavyohitaji mtoto mwingine. Ukihukumiwa, sema nyanya yangu ndiye aliyenituma.

Umeniambia siri yako, nami nakupa yangu, ili tuwe sawa. Matone yale si ya usingizi. Ni yale mekundu ya mama yako, nimeyavika kisibiti na chupa nyingine. Niliogopa ungedhani nakuona unakwenda alikokwenda yeye. Huendi huko. Uliniandikia habari ya sumu na peremende. Aliyekata tamaa haulizi bei.

Usiyaache hospitalini. Chukua chupa na kijiko mkobani. Hayajamdhuru mtu tangu enzi za bibi yangu.

Nakushika mkono,
Ottilie


Marne, 19 Machi 2000

Bibi Ottilie,

Niliifungua kwa kisu cha kabichi, sina kingine chenye makali.

Baada ya kuisoma nililishusha lile kopo la bluu juu ya kabati. Sikuwahi kulifungua tangu Desemba ile. Nilijiambia limejaa vitu vya kike. Mna karatasi ishirini na saba za vidonge, kila moja ina tarehe mbili kwa mwandiko wake mdogo. Nimezipanga sakafuni. Moja inapoishia nyingine inaanza kesho yake. Hakuna siku iliyorukwa. Ya mwisho imeishia tarehe 3 Desemba, siku aliyopimwa. Vilivyobaki ni vidonge kumi na kimoja. Chini kabisa kuna kijiko cha chai. Bado kinanuka kisibiti.

Sasa nikuambie langu, maana katika nyumba hii naona kila mtu alikuwa na chupa ya kahawia.

Daktari wa moyo alipotuita mwaka 1996 alisema kidonge ni cha muda tu. Alinigeukia mimi. "Wewe ukikatwa mirija ya mbegu, kijana, ni jambo la nusu saa, na mke wako hatahitaji kengele." Niliahidi. Nilipewa siku ya kwanza, Oktoba 1997. Nikasema kabichi hazingoji. Nikapewa ya pili, tarehe 3 Septemba 1998. Asubuhi hiyo nilikaa ndani ya gari nje ya hospitali, nikaona aibu, nikaona hofu, nikarudi ghalani. Karani aliponipigia simu nilimwambia nimesahau. Silke nilimwambia wameiahirisha.

Kwa hiyo nilipomkalisha jikoni na kumwuliza aliacha lini, nilikuwa nimekwisha lijua jibu langu mwenyewe, nikalitafuta kwake. Ilikuwa lazima liwe kwake.

Juni, mmea wako ukichanua, nitamleta Malte huko. Usiuchume mwaka huu. Nitamwambia yote akiwa mkubwa, la kwako na la kwangu, na karatasi ishirini na saba nitampa azisome mwenyewe. Daktari alimpa kidonge na wewe ukampa kijiko, naye aliwatii wote wawili hadi siku ya mwisho.

Aliyesahau ni mimi.

Holger